Waridi la kutambaa linarefuka tu, halitoi maua (Bukavu)

mama_wa_Nguba:
Hamjambo wote. Kwenye ukuta wa parseli kuna waridi la zamani la kutambaa, umri wake miaka 4. Lilitoka kwenye kijiti kilichokatwa katika bustani ya nyumba ya zamani, halikuunganishwa na shina lingine. Fimbo (matawi marefu) zinafika mita 5, majani madogo yanayong'aa, miiba imepinda. Maua lakini ni vichala 6 tu, mwezi wa tisa: yakiwa bado vifundo ni ya manjano, yakifunguka ni meupe kama maziwa, harufu yake inakaribia ya tofaa bichi. Kila mwezi wa saba linakatwa lote hadi mita 1. Mbolea ni ya kuku, ndoo 2 kila miezi 3. Ni aina mbaya ama tunakosea?

Sekateri:
Mama, maua mnayakata wenyewe kila mwezi wa saba. Waridi la kutambaa la zamani halichanui kwenye fimbo changa. Fimbo inayotoka chini msimu huu inarefuka tu. Msimu unaofuata ndipo macho yake ya ubavuni (sehemu zinapochipuka) yanatoa vitawi vifupi, na kichala kinakaa kwenye ncha ya kitawi. Ukikata kila kitu kwenye mita 1, unabaki na mti usio na fimbo ya mwaka jana. Hivyo vichala 6 bila shaka vilitoka kwenye kipande kilichoiponyoka sekateri (mkasi wa kukatia matawi).

Kwa maelezo yako linafanana sana na 'Albéric Barbier', lililotolewa na Barbier wa Orléans, Ufaransa, mwaka 1900. Mzazi mmoja ni waridi mwitu *wichurana*, ndiyo maana majani yanang'aa. Mwingine ni waridi la manjano la kundi linaloitwa la chai. Bila picha siapi.

Mwaka huu mwezi wa saba sekateri ikae kabatini. Linda fimbo 6 au 7 nzuri. Maua yakiisha, ndipo unakata: ondoa fimbo 2 kuukuu kuliko zote, chini kabisa kwenye shina, bila kuacha kisiki maana kisiki kinaoza. Vitawi vilivyochanua vifupishe hadi macho 2 au 3. Fimbo mpya zitakazotoka wakati wa mvua usiziguse, hizo ndizo mali ya mwaka ujao.

Na hiyo mbolea ya kuku punguza. Ina nitrojeni nyingi, mti unajenga majani na kusahau maua. Ndoo 1 ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri mwanzo wa mvua, na konzi mbili za majivu ya kuni mara moja kwa mwaka, zinatosha. Majivu yasizidi, yanaondoa uchachu wa udongo.

Fundi_Lshi:
Yaya Sekateri amesema kweli kuhusu kukata, ila kuna jambo la pili. Mawaridi haya yalizaliwa kwenye nchi zenye baridi kali, na mengi yanahitaji majira ya baridi ili macho yaamke pamoja. Huku Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba usiku huwa baridi kweli, kwa hiyo mti unapumzika. Bukavu iko karibu na ikweta, baridi ya ziwa haitoshi. Hata ukikata vizuri, usitarajie ukuta mzima mweupe kama kwenye picha za Ulaya.

Kinachoweza kusaidia ni kutumia kiangazi kama baridi. Kuanzia katikati ya mwezi wa sita punguza maji, acha udongo ukauke sentimita 5 za juu kabla ya kumwagilia tena. Mwisho wa mwezi wa saba vua majani yaliyochoka kwa mkono, kwa kuvuta kuelekea juu ili usipasue jicho. Wiki mbili baadaye rudisha maji: bidoni 1 ya lita 20 kwa wiki, polepole, kwenye shina. Usifanye hivi kwa mti wa chini ya miaka 3, utaudhoofisha.

Anayeanza leo huko Kivu na anataka maua ya mwaka mzima, atafute yenye damu ya China au ya chai: 'Crépuscule' (1904), 'Mme Alfred Carrière' (1879). Hayadai baridi. Si ya kutambaa hasa, ni ya kupanda ukuta, lakini yanafunika vizuri.

Kwa wa Lubumbashi: msijaze shimo kwa udongo wa kichuguu. Vichuguu vikubwa vya kwetu vina chokaa nyingi, jani linakuwa la manjano huku mishipa ikibaki kijani. Na matandazo yakae sentimita 15 mbali na shina, mchwa hawabishi hodi.

mama_wa_Nguba:
Aksanti sana. Fimbo sasa zimesimama wima, zimefungwa kwenye misumari. Ni sawa? Na majani machanga yana unga mweupe.

Jiwe_la_Goma:
Si sawa, na hapo ndipo nusu ya maua inapotea. Fimbo ikisimama wima, ncha yake inazuia macho ya chini yasiamke. Unapata maua juu tu, kwa ajili ya jirani. Ilaze ukutani, karibu sambamba na ardhi, kila jicho litatoa kitawi chake.

Nyosha waya wa milimita 3, wa kwanza sentimita 45 kutoka chini, mingine juu yake kwa umbali huohuo. Waya usigusane na ukuta, acha sentimita 10 za hewa. Huo unga ni ukungu: mizizi mikavu, hewa imesimama. Kata ncha zenye unga, zitoe nje ya parseli, mwagilia chini asubuhi. Nafasi nyuma ya waya itatibu zaidi kuliko dawa.

Laza fimbo mwezi wa tano, zikiwa bado laini. Ukingoja zikomae zinapasuka kwenye kiwiko. Anza kupinda karibu na shina, kidogokidogo kwa wiki mbili au tatu. Funga kwa umbo la nane, kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi ama kamba ya mgomba. Ya mgomba inaoza, ndiyo faida yake: hainyongi fimbo inaponenepa. Waya mtupu usifungie kamwe.

Kwa wa Goma: juu ya lava shimo la jembe moja ni bure. Vunjeni hadi sentimita 60 kila upande, mjaze udongo wa kuletwa, theluthi moja iwe samadi iliyooza. Maji yanapita haraka mno, kwa hiyo kiangazi bidoni ya wiki igawanywe mara mbili.

Sekateri:
Ongezo moja, ukitaka mche mpya: kabla ya kulaza fimbo kwenye waya, iliyozidi ishushe udongoni, kwaruza ganda chini ya jicho, ifukie sentimita 10, weka jiwe juu. Mvua za mwezi wa kumi zikianza ndipo ufanye. Kufikia mwezi wa tano ina mizizi, unaikata na kuhamisha. Jirani anayefurahia maua ya juu apewe hiyo.