Tupeane uzoefu: kutu ndani ya tangi la pikipiki, wewe uliitoaje?

Mwana wa Ndosho (Goma)

Ndugu motari (waendesha pikipiki) na mafundi, jambo kwenu.

Marehemu baba aliniachia Yamaha AG 100. Safari yake ya mwisho na pikipiki hiyo ilikuwa Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na watu wa Goma wakaamriwa kuhama. Alimpakia mama wakaenda Sake. Waliporudi akaiegesha uani, akaifunika turubai, ikakaa hapo miaka huku tangi likiwa na esansi (petroli) nusu.

Nilipofungua kifuniko na kumulika kwa simu, niliona rangi ya tofali. Nikaingiza kidole shingoni, kikatoka na magamba mekundu, membamba kama maganda ya kitunguu. Nikasuuza kwa esansi mara mbili, nikaweka chujio jipya, nikaona yamekwisha. Kabla sijafika Sake ilizima mara tatu. Kutu laini kama unga ilikuwa imepenya chujio na kuziba jeti ndogo ya kabureta, kile kitundu chembamba kinachopitisha mafuta.

Basi nikajaza siki tangi zima, siku mbili. Kutu ilitoka kweli, chuma kikawa cha kijivu, safi. Nikasuuza kwa maji jioni, nikaliacha wazi likauke lenyewe usiku. Asubuhi lilikuwa jekundu tena, lote.

Makanika mmoja ananiambia nipake gundi ya kuziba ndani, mwingine ananikataza kabisa. Naomba kila mtu aseme yaliyompata yeye mwenyewe. Tangi hili silitupi.

Fundi wa Kadutu (Bukavu)

Pole kwa msiba, ndugu yangu. Siki haina kosa hapo. Ilikuachia chuma kitupu, na chuma kitupu chenye maji kinashika kutu ndani ya saa chache, hata chini ya saa moja hewa ikiwa na unyevu kama huu wetu wa ziwani. Kulala na tangi bichi ndiko kulikokuharibia.

Mimi nafanya hivi. Natoa koki (bomba la kufungulia mafuta chini ya tangi) na kifuniko kwanza, maana siki ikikaa siku mbili inakula zile sehemu za aluminiamu na zinki. Tundu la koki naliziba kwa mpira na bolti. Siki ikimaliza kazi nasuuza kwa maji yenye bikaboneti, vijiko vichache kwa lita, ili kuua asidi iliyobaki kwenye mikunjo. Halafu namwaga maji ya moto sana, yaliyotoka jikoni sasa hivi. Namimina, natikisa, nakung'uta mara moja. Chuma kikishapata moto kinajikausha chenyewe. Kutoka hapo naenda mbio kwa wale wanaoziba matairi, wananipulizia hewa ya kompresa dakika kumi. Kabla halijapoa namimina vikombe viwili vya esansi iliyochanganywa na oili ya injini, nazungusha mpaka kila upande ulowe. Likishikwa na oili, unaweza kulala.

Uwe na kila kitu mkononi kabla ya kumwaga siki. Ukianza kutafuta oili wakati tangi liko bichi, umeshachelewa.

Chukudu 2 (Goma)

Kwa magamba magumu siki peke yake inachukua muda mrefu. Mimi niliweka nati ndani, nikaziba, nikalifunga tangi kwa blanketi la zamani na kamba za mpira, nikampa kaka yangu mwenye chukudu (skuta ya mbao ya kubebea mizigo) abebe juu ya mzigo wake wa viazi kwenda soko la Virunga. Njia yetu ya mawe ya volkano ilifanya kazi ambayo mikono yangu isingeiweza. Jioni lilitoka vumbi kikombe kizima. Hesabu nati kabla na baada: zangu ziliingia 40, nikazitoa 39, nikahangaika nusu saa kuitafuta moja iliyojibana nyuma ya mkunjo. Usitumie changarawe, inavunjikavunjika na kubaki ndani.

Katuba Batri (Lubumbashi)

Miye huku Lubumbashi natumia umeme. Unajaza maji yenye soda ya kufulia, kama kijiko kikubwa kwa lita 4. Unashusha kipande cha nondo katikati ya shingo, kishikiliwe na plastiki ili kisiguse tangi hata kidogo. Chaja ya batri ya volti 12: waya hasi kwenye tangi, waya chanya kwenye nondo. Mapovu yataanza, na nondo itavaa matope ya kahawia. Itoe, ikwangue, irudishe. Langu lilitaka siku mbili. Umeme ukikatika hapaharibiki kitu, ukirudi unaendelea.

Ila waya usizikosee. Kijana wangu alizigeuza usiku mmoja mimi nikiwa sipo. Ikawa tangi ndilo linaliwa badala ya nondo, na asubuhi niliona mwanga wa jua ukipita chini kwenye vitundu kama vya sindano. Tangu siku ile naunganisha mwenyewe.

Tena, fanyia nje. Yale mapovu yana hidrojeni, inashika moto kwa cheche ndogo. Zima chaja kwanza ndipo utoe klipu. Na usitumie chuma kisichoshika kutu badala ya nondo, kinatoa sumu kwenye maji.

Mama Bidoni (Goma)

Wanangu, mimi nauza esansi barabarani miaka mingi, watu wa kazi yetu mnatuita kadafi. Mnaongea kutoa kutu tu, hamuongei inakotoka. Maji ni mazito kuliko esansi, yanakaa chini kabisa ya tangi, hapohapo penye koki. Ndiyo maana pikipiki inakwenda vizuri, ukigeuza koki kwenye akiba inaanza kukohoa.

Mvua ikinyesha na bidoni (dumu la mafuta) iko wazi, maji yanaingia. Mimi nalaza mafuta usiku mzima bila kuyagusa, na lita ya chini kabisa simuuzii mtu. Lakini si wote wanaofanya hivyo. Mteja akinunua mahali asipopajua, aombe kidogo kwenye chupa nyeupe, asubiri. Maji yataonekana chini, kama mstari.

Na pikipiki inayolala, ijazwe. Tangi nusu lina hewa, hewa ina unyevu, baridi ya usiku inaugeuza matone.

Mwana wa Ndosho (Goma)

Aksanti sana mama. Ya baba ililala nusu. Sasa naelewa kwa nini kutu ilikuwa nene pale juu kuliko chini.

Njia ya Minova

Yangu fupi. Tangi lilitoboka nikiwa Kalehe natoka Goma. Mzee mmoja wa pale alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akasugua kwa nguvu juu ya tundu. Esansi haiyeyushi sabuni. Nilifika Bukavu bila tone. Ni dawa ya njiani tu, mvua inaiosha.

Mkono wa Kulia (Bukavu)

Naandika kwa sababu sitaki limpate mwingine. Tundu langu nililipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Tangi lilikuwa limekaa wazi wiki moja, halinuki chochote. Alipogusa tu, lilipasuka kwa kishindo. Yeye aliungua uso, mimi mkono huu. Mvuke wa esansi unajificha kwenye mikunjo na chini ya kutu, moto unaufukuza utoke wote kwa pamoja. Ukilazimika kuchomelea, lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, kisha lijazwe maji mpaka karibu na tundu, ibaki nafasi ndogo tu isiyo na maji. Fundi akikataa kujaza maji, chukua tangi lako urudi nyumbani.

Boxer ya Himbi (Goma)

Nikujibu swali la kupaka. Nimepaka mara mbili.

Mara ya kwanza nilipaka juu ya kutu iliyobaki na oili kidogo, nikijua gundi itaishika. Miezi mitano baadaye ilianza kubanduka, vipande vikubwa laini kama utando wa maziwa, vikaziba koki. Kuitoa ile gundi kulinitesa kuliko kutu yenyewe.

Mara ya pili nilitumia epoksi ya vichupa viwili, ile inayosema wazi kwenye kopo kwamba ni ya matangi ya esansi. Baada ya siki na kukausha, oili nikaitoa yote kwa asetoni, mara tatu, mpaka kitambaa cheupe kinatoka cheupe. Nikafunga tundu la koki kwa bolti iliyopakwa grisi. Nikamimina, nikageuza polepole pande zote, nikamwaga iliyozidi. Ukiiacha itulie chini inakuwa nene, haikauki sawa. Ilipoanza kushika nikatoa bolti. Siku nne juani kabla ya kuweka mafuta. Mwaka wa tatu huu, safi.

Kama tangi lako halivuji, usipake. Oili na mafuta safi yanatosha. Paka kama kuna vitundu.

Mwana wa Ndosho (Goma)

Narudi na majibu. Nilirudia siki, siku hii maji ya moto na kompresa vikiwa tayari, na halikugeuka jekundu. Ili nijue kama linavuja nilisaga chaki, nikapaka nje kwenye maungo yote ya chini, nikatia esansi lita mbili. Baada ya saa moja chaki ilipata madoa mawili meusi, nyuma upande wa kushoto, pale tangi linapoinamia pikipiki ikisimama kwa kigingi (stendi ya pembeni). Maji ya miaka yote yalilala hapo.

Kwa hiyo nimepaka, kwa njia ya Boxer ya Himbi, asetoni mara nne. Leo ni siku ya tatu, liko dirishani, kifuniko wazi, na kitundu cha hewa cha kifuniko nimekipitisha sindano.

Mama Bidoni, Jumamosi asubuhi nakuja. Naomba uniwekee lita 9 zilizolala.