Ushauri: Wazazi wanachanga mahindi ya chakula cha mchana shuleni, lakini taarifa haziwafikii

MamaKijijini

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule, shule ya msingi ya serikali huku vijijini Singida. Watoto wanakula makande mchana, na wa darasa la awali wanapata uji saa nne. Mkutano wa wazazi ulipitisha debe moja la mahindi na kilo nne za maharage kwa kila mtoto kwa muhula, pamoja na hela kidogo ya mpishi na chumvi.

Shida ni taarifa. Mkutanoni walikuja wachache, wengi wao kina mama na bibi. Waliobaki wanaambiwa na mtoto: "Mwalimu kasema ulete mahindi." Mtaani maneno ni mengi, eti walimu wanauza. Stoo nimeingia, mahindi yapo. Ila ni kweli kwamba mzazi hajawahi kuambiwa yaliingia mangapi na yamebaki mangapi.

Juzi kaja mama mmoja na daftari la mwanae, nyuma ya jalada limeandikwa kwa wino mwekundu: MAHINDI BADO. Kumbe alishaleta wiki iliyotangulia, akamkabidhi mwanafunzi wa zamu, hakuna aliyeandika popote. Yule mtoto alikuwa amesimama pale anatazama chini. Iliniuma sana.

Walimu wanataka tufungue grupu la WhatsApp. Wenye simu janja hapa hawafiki nusu. Tufanyeje ili kila nyumba ipate habari, na bila kumgeuza mtoto tarishi?

Mwl. Mstaafu

Dada yangu, anzeni na jambo ambalo shule nyingi zinaliruka: waelezeni wazazi wajibu ni wa nani. Elimu bila malipo ilipoanza 2016, wengi walielewa kwamba kila kitu kimebebwa na serikali. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka huo unawaachia wazazi chakula cha wanafunzi wa kutwa. Lakini upande wa pili nao usemwe mkutano huohuo: mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango. Januari 2018 Rais Magufuli alilikemea hilo hadharani. Ukisema upande mmoja tu, nusu ya wazazi watakuona mkusanya kodi, na nusu nyingine watakaa kimya.

Pili, wekeni ubao nje ya stoo, upande ambao mpita njia anauona. Magunia yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyobaki, kilo zilizopikwa leo na watoto waliokula. Uandikwe na mwalimu wa chakula mbele ya mpishi na mzazi wa zamu. Mzazi wa zamu abadilike kila wiki, na asichaguliwe na mwalimu mkuu, achaguliwe na kitongoji chake. Akishapima mahindi kwa mkono wake, ndiye atakayejibu maneno ya mtaani. Nimefundisha miaka mingi: maneno ya mzazi mwenzao huaminika kuliko hotuba ya mwalimu mkuu.

Na mahindi yasipokelewe na mwanafunzi. Kamwe. Daftari la mapokezi, stakabadhi yenye nakala, basi.

Kamanda_Njombe

Bandikeni majina ya wasiochanga mlangoni. Wiki moja tu mtaona magunia.

MamaKijijini

@Kamanda_Njombe hapana mkuu. Jina litakalosomwa na watoto wenzake ni lake huyo mtoto, si la baba yake. Wengine mvua ziliwakatili, hata nyumbani debe hawana.

Mwl. Mstaafu

Naunga mkono. Bandikeni jumla ya kila kitongoji, inatosha kuamsha watu.

Wa_Eastlands

Salamu kutoka Nairobi. Huku tuna Dishi na County, mpango wa kaunti wa chakula cha mchana shuleni, tangu 2023. Mtoto huvaa bangili yenye chipu, akichukua chakula anaigusisha kwenye kifaa. Mzazi hulipa shilingi 5 kwa mlo kupitia simu, gharama iliyobaki inabebwa na kaunti pamoja na shirika la Food4Education. Najua kijijini kwenu bangili si jambo la leo, lakini angalieni kinachotufaa sisi wazazi: uthibitisho unakuja kwa mzazi mwenyewe, haupitii kwa mtoto. Hata SMS ya kawaida inaweza kufanya hivyo.

Binti Mnyaturu

Msisahau siku ya mnada. Mwenyekiti wa kitongoji apewe dakika tano na kipaza sauti. Kanisani na msikitini pia, karatasi moja isomwe ileile, isiwe kila mtu anaongeza lake.

Bwana Lishe

Ongezeni na ubora wa mahindi. 2016 sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara, na yalikuwa mahindi ya nyumbani tu. Mwambieni mzazi kabla hajapima debe: yakauke vizuri, yasiwe na ukungu, yasianikwe juu ya udongo. Yenye ukungu yakikataliwa shuleni, aelezwe sababu palepale, la sivyo itakuwa kesi nyingine.

MamaKijijini

Nashukuru sana. Ubao na stakabadhi napeleka kwenye kikao cha kamati. SMS nimeiandika hivi, naomba mnikosoe:

"Wazazi mnakumbushwa kukamilisha michango ya chakula kabla ya Ijumaa. Uongozi wa shule."

Mwl. Mstaafu

Hiyo ni amri, taarifa haimo. Mpe hesabu kwanza, kisha ndipo umwombe. Jaribu hivi, namba uweke za kwenu:

"Ndugu mzazi, muhula huu tumepokea magunia 31 ya mahindi. Yametumika 19, yamebaki 12, yanatosha karibu wiki tano. Mapokezi ni Jumatano na Ijumaa asubuhi, mlete wenyewe, mpewe stakabadhi. Mahindi yawe makavu, yasiwe na ukungu. Kama nyumbani hamna, mtoto ataendelea kula. Njoo uonane na mwenyekiti wa kamati. Stoo iko wazi kwa mzazi yeyote siku za mapokezi."

MamaKijijini

Hii ndiyo. Nitaongeza jina la mzazi wa zamu mwishoni, na kwa wasio na simu wajumbe wa vitongoji watapita nyumba kwa nyumba na karatasi hiihii.