Nimealikwa Kyzyl (Tuva) kwenye Shagaa na nina pumu, niende au nisubiri kiangazi?

Binti Uyole:
Wakuu habarini, nipo Krasnoyarsk, Urusi, mwaka wa tatu sasa, naomba msaada kwa yeyote aliyefika Tuva. Chumba cha hosteli nakaa na dada wa Kituva, kwao ni Kyzyl, mji mkuu wa jamhuri yao, huko kusini kabisa mwa Siberia mpakani na Mongolia, sasa kanialika twende kwao kwenye Shagaa, ndio mwaka mpya wao wa kufuata mwezi, mara nyingi unaangukia Februari. Natamani sana kwenda maana kila siku ananisimulia. Ila anasema treni haifiki kwao, mji mkuu mzima bila reli kweli? Halafu nina pumu, baridi ya hapa tu inanitesa. Kuhusu familia yake sina wasiwasi kabisa, mama yake ananitumia salamu kila wiki.

Mkwawa wa Tomsk:
Dada huyo mwenzio kakwambia ukweli, ukielekea kwao treni mwisho Abakan, mji ulio kaskazini yao. 2011 Putin alienda mwenyewe kuzindua ujenzi wa reli ya kutoka Kuragino, mji mdogo mashariki ya Abakan, mpaka Kyzyl lakini mpaka leo hakuna treni iliyofika. Mimi nilipanda treni ya usiku Krasnoyarsk asubuhi nikaamka Abakan, pale unapata basi au teksi ya kuchangia inayoondoka ikijaa, kilomita kama 400 hivi mnakatiza milima ya Sayan. Kipande cha Ergaki ndio cha kuogopa, theluji ikiporomoka wanafunga barabara mnasubiri, kwa hiyo usipange kufika siku yenyewe ya sikukuu, acha siku mbili katikati. Ila ukishashuka upande wa pili aisee, misitu inaisha unaona nyika tupu mpaka macho yanachoka, halafu mbele kabisa ndio mji, pale mito miwili inapokutana kuwa Yenisei, huo huo unaopita hapo Krasnoyarsk kwenu. Kando ya maji kuna mnara wao wa Kitovu cha Asia, wanaamini hapo ndio katikati ya bara zima, ingawa Wachina nao wamejenga wa kwao karibu na Urumqi.

Nesi wa Wete:
Mdogo wangu barabara mwachie dereva, mimi naongelea kifua chako. Niko Abakan na mume wangu, Kyzyl tuna wakwe, nimeshalala huko Januari najua ninachosema. Mji upo bondeni milima imeuzunguka, nyumba nyingi za mbao zinapashwa joto kwa makaa ya mawe, na siku za baridi kali hewa baridi inatuama chini upepo hakuna, basi moshi wote unabaki pale pale mjini, asubuhi hata nyumba ya jirani huioni vizuri. Na hiyo baridi ni nyuzi 40 chini ya sifuri au zaidi ya hapo. Mtu mwenye pumu kuvuta vyote hivyo kwa pamoja mimi siwezi kumruhusu. Ukiamua kwenda lazima uonane na daktari wako kwanza, inhela iwe mfuko wa ndani karibu na mwili maana ikipoa haipulizi vizuri, na pua uifunike skafu muda wote ukiwa nje.

Mkwawa wa Tomsk:
Nesi hapo kwenye moshi nakubali, ila Shagaa nayo ina utamu wake jamani. Alfajiri wanapanda kilimani wanachoma mreteni, mti wenye harufu nzuri, na vyakula kuombea mwaka, halafu wanasalimiana, mdogo ananyoosha mikono viganja juu, mkubwa anaweka mikono yake juu ya ile ya mdogo. Mimi niliyelelewa kwa shikamoo ile kitu ilinigusa sana.

Nesi wa Wete:
Na huo mreteni si moshi tena? Aende Agosti! Kuna Naadym, sherehe ya wafugaji, mieleka na mbio za farasi, na wale waimbaji wa koo, mtu mmoja anatoa sauti mbili kwa wakati mmoja, ukimsikia karibu mwili unasisimka. Jua linawaka mpaka unasahau kama uko Siberia. Na makumbusho ya taifa asiache kuingia, kuna dhahabu ya kaburi la Arzhaan iliyofukuliwa 2001, karibu kilo 20, ya Waskithi, wapanda farasi wa kale wa nyika, wa miaka kama 2,600 iliyopita. Mimi nilisimama mbele ya vile vichui vidogo vya dhahabu mpaka mume akaja kunitafuta.

Binti Uyole:
Da Nesi asante sana, jana usiku nimemsomea mwenzangu yote haya, kanyamaza kidogo akasema hata mdogo wake wa mwisho anakohoa kila msimu wa baridi, wameshazoea tu. Iliniuma. Basi tumekubaliana Agosti, bibi yake kipindi hicho anakuwa na mifugo nyikani kwenye hema la sufi, ameahidi kutuchinjia kondoo. Mkwawa hizo teksi za Abakan wakati wa Naadym zinapatikana kirahisi au niweke nafasi mapema?

Mkwawa wa Tomsk:
Weka mapema, watu wote wanarudi makwao kipindi hicho. Na mbebee bibi majani ya chai ya kwetu, wao wanaipika na maziwa na chumvi.