Kalamata, Nocellara au Manzanilla: zeituni ipi imfae mgeni asiyezizoea?

Mkaazi wa Muscat
Ndugu wanajamvi, duka ninakonunua vyakula lina kaunta yenye zeituni zaidi ya aina kumi, nami hadi leo nazijua mbili tu, za kijani na nyeusi. Ijumaa nina wageni ambao hawajawahi kuzila, na nimebakiwa na tatu za kuchagua: Kalamata ya Ugiriki, Nocellara del Belice ya Sicilia, ambayo kibandiko kinaiita Castelvetrano, na Manzanilla ya Hispania. Naomba anayezijua anieleze tofauti ya ladha zake.

Bi Mwanaidi
Kaka, kwanza rangi isikupoteze, kwa maana zeituni zote huanza na ukijani na kuwa nyeusi au zambarau kadiri zinavyoiva mtini. Tunda bichi halilikiki kwa uchungu wa oleuropeini, kemikali ya asili iliyomo ndani yake, kwa hiyo ladha unayoikuta mezani hutokana na aina ya mzeituni na pia na namna uchungu huo ulivyotolewa. Zile nyeusi tii za kopo, zinazotandazwa juu ya piza, kwa kawaida huchumwa kabla ya kuiva, hutiwa soda kali (sodiamu hidroksidi), hupulizwa hewa mpaka zigeuke nyeusi, kisha rangi hushikizwa kwa glukonati ya chuma, ambayo kwenye kibandiko huandikwa E579. Mimi sizihesabu katika ulinganisho wowote wa ladha.

Mpishi Mstaafu
Nimezipika zote tatu kwa miaka mingi, na kwa wageni wako ningeanza na Nocellara. Ni ya kijani angavu, ina nyama nene inayomeguka kwa sauti, na ladha yake inakaribia siagi yenye utamu kidogo, kwa sababu uchungu huondolewa kwa soda kali na tunda halichachushwi kwa muda mrefu. Manzanilla, ambayo jina lake kwa Kihispania ni tufaha dogo, hutolewa uchungu kwa soda vilevile, lakini baadaye huachwa ichachuke katika maji ya chumvi, na hapo ndipo inapopata ukali unaomkumbusha mtu achari. Mara nyingi utaikuta imetolewa kokwa na kujazwa pilipili nyekundu tamu. Nunua yenye kokwa, maana iliyojazwa huwa na ladha ya pilipili zaidi kuliko ya zeituni.

Kalamata ina umbo la lozi na rangi ya zambarau iliyoiva, na ndiyo yenye ladha nzito kuliko hizo mbili: chumvi, tunda lililoiva na uchungu kidogo unaobaki ulimini. Nyingi hutiwa siki ya mvinyo, kwa hiyo mwenye kujali jambo hilo asome kibandiko kabla ya kulipa.

Mla Achari
Kwa heshima zote, Mzee Mpishi, sikubaliani nawe. Mtu aliyelelewa kwa achari ya ndimu na ya embe hataogopa Kalamata. Nocellara ndiyo itakayomshangaza, kwani atangoja ukali usiokuja. Kama Kalamata imezidi chumvi, ilowekwe katika maji ya kawaida kwa saa moja, ikaushwe, kisha ipakwe mafuta ya zeituni na maganda ya ndimu yaliyokunwa.

Bi Mwanaidi
Kaka, ukiiona Throumba ya kisiwa cha Thassos, iliyokunjamana kama tende kavu, chukua kidogo uonje mwenyewe. Huachwa iive mno mtini mpaka ipoteze sehemu kubwa ya uchungu wake, nayo haifanani na yoyote kati ya hizo tatu. Usiwape wageni wa mara ya kwanza.

Mkaazi wa Muscat
Nawashukuru nyote. Niliandaa Nocellara na Kalamata iliyolowekwa, kila moja katika bakuli lake. Wazee waliimaliza Kalamata kabla ya chakula kuletwa, na vijana wakabaki na Nocellara. Kwa hiyo Mzee Mpishi na Mla Achari wamegawana ushindi. Manzanilla naiweka kwa Ijumaa ijayo, yenye kokwa.