Mjadala: Je, ni haki kumfukuza mwanachama wa kikundi cha maigizo ya gemu kabla ya kumsikiliza?

Mleta mada, Kisasa, Dodoma

Ndugu wanajamvi, naleta mbele yenu jambo ambalo limenikosesha amani kwa majuma matatu, na nalileta waziwazi kwa sababu mimi mwenyewe nilishiriki kulitenda. Ni mmoja wa wasimamizi watatu wa kikundi cha vijana wanaoigiza maisha ya mji ndani ya gemu la Grand Theft Auto: San Andreas. Gemu hilo lilitoka mwaka 2004, lakini tulilichagua kwa kuwa linafunguka hata kwenye kompyuta chakavu tulizo nazo wengi wetu, na kwa kuwa ipo nyongeza inayowawezesha watu wengi kuingia katika mji mmoja kwa wakati mmoja.

Kwa asiyeujua mchezo huu, hakuna anayeshinda. Kila mmoja humtunga mhusika, akampa jina, kazi, tabia na historia, kisha akamwongoza kama mwigizaji jukwaani. Huyu ni dereva wa teksi, yule ni daktari, mwingine ni askari, na wengine ni majambazi, kwa kuwa mji usio na mhalifu haumpi askari kazi. Matendo ambayo gemu haliwezi kuyaonyesha tunayaandika: ukitanguliza "/me" unaeleza anachofanya mhusika wako, na ukitanguliza "/do" unaeleza hali ilivyo, kwa mfano kwamba jeraha linavuja damu au kwamba mlango umefungwa kwa ndani. Uzuri wote wa mchezo umo katika kuaminiana huko. Nikikuandikia kwamba mhusika wangu anajaribu kukufunga pingu, sitakiwi kuandika kwamba tayari nimekufunga. Nakuachia nafasi ya kujibu.

Sasa niseme lililotokea. Usiku wa Jumatano moja, mhusika wa mwanachama wetu anayeishi Nkuhungu alikuwa amezingirwa na askari baada ya igizo la uporaji wa duka, igizo ambalo watu tisa walikuwa wamelijenga kwa zaidi ya saa moja. Pingu zilipotolewa, akatoweka. Kwetu kutoka makusudi ili kumnusuru mhusika wako ni kosa kubwa, kwa sababu unawanyang'anya wenzako hadithi yote waliyoitolea jasho. Askari wakalalamika kwa hasira. Sisi wasimamizi tukapiga kura katika kundi letu la WhatsApp, na ndani ya dakika kumi tulikuwa tumekubaliana sote watatu: akafutwa, akazuiwa asiingie tena, akaondolewa hata katika kundi la mazungumzo ambako angeweza kujieleza.

Asubuhi nilipata habari kutoka kwa jirani yake kwamba umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu saa tatu usiku hadi alfajiri.

Sijaweza kulala vizuri tangu hapo, na si kwa ajili ya gemu. Yule kijana alikuwa nasi kwa mwaka mmoja na nusu. Ndiye aliyewafundisha wageni jinsi ya kuandika matendo kwa Kiswahili kizuri, na alipofiwa na mama yake sisi ndio tuliomchangia. Tumemtoa katika watu wake kwa dakika kumi. Tuliwaza kwamba tunalinda kanuni, lakini kanuni zenyewe tulizinakili neno kwa neno kutoka kwa vikundi vya ng'ambo, na hatukuwahi kujiuliza kama mwandishi wake aliwahi kukatikiwa na umeme katikati ya igizo au kuishiwa bando tarehe ishirini na tano ya mwezi.

Rai yangu ni kwamba mlango wa kuingilia uwe mwembamba kadiri kikundi kinavyotaka, lakini mtu asitolewe kabla hajaulizwa. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika Ibara ya 13(6)(a), inataka haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine kinachohusika, mtu huyo apewe fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na pia haki ya kukata rufaa. Najua kwamba sisi si mahakama na kwamba hakuna atakayetushitaki. Hata hivyo sioni kwa nini jambo ambalo taifa limeliona la haki kwa kila mtu tulione kuwa ni mzigo baina ya marafiki. Naomba michango yenu, hasa ya wasiokubaliana nami.

Mchangiaji, Singida

Kaka, nakuheshimu kwa kukiri, lakini nitakupinga, kwa sababu nimewahi kusimamia kikundi cha aina hiyo kwa miaka miwili na nimekiona kikifa mikononi mwangu kwa huruma ya namna hii.

Umeme ni kisingizio ambacho hakina gharama. Katika miezi yetu ya mwisho, kila mhusika aliyekaribia kukamatwa "alikatikiwa na umeme", na kila aliyeitwa kujieleza alileta maelezo marefu, mashahidi wawili ambao ni rafiki zake, na malalamiko kwamba anaonewa. Tulikuwa wasimamizi wanne, wote tuna kazi za mchana, hakuna aliyelipwa hata shilingi, na jioni badala ya kucheza tulikuwa tunaendesha kesi. Wachezaji wazuri hawakugombana na mtu. Waliondoka kimya kimya, mmoja baada ya mwingine, mpaka tukabaki na mabingwa wa kujitetea. Umeitaja Katiba, nami nakukumbusha kwamba Ibara ya 20 inatoa uhuru wa kukutana na kujiunga na wengine kwa hiari, na hiari hiyo, kwa ninavyoielewa, ina pande mbili: kikundi nacho kina hiari ya kukataa kuendelea na mtu.

Tatizo lenu naona liko mlangoni. Mngemsaili vizuri kila anayeingia, msingehitaji kufukuza mara kwa mara. Sisi tulikuja kujifunza kwa kuchelewa kwamba maswali mawili yanatosha kumjua mtu. La kwanza: mhusika wako amepigwa risasi akafa, kisha gemu likamwamsha hospitalini, je, anamkumbuka aliyempiga? Anayejibu kwamba atamtafuta alipize kisasi hajaelewa, kwa kuwa mhusika aliyekufa huanza upya na hayajui yaliyomuua. La pili: rafiki yako amekutumia ujumbe kwa simu kwamba askari wanakuja nyumbani kwa mhusika wako, mhusika afanye nini? Jibu ni kwamba asifanye lolote jipya, kwa sababu aliyeupata ujumbe ni wewe uliyekaa Singida, wala si yeye. Mtu akiyajua haya mawili, na akawa amefikisha umri, mkaribisheni. Umri msiupuuze: huko Ulaya gemu hilo limewekewa alama ya miaka 18, na kwetu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya umri huohuo.

Mchangiaji, Kondoa

Nitasema moja tu. Katika kikundi nilichokuwamo, waliochangia fedha za kulipia seva, yaani kompyuta inayouendesha mji wa gemu mtandaoni, walisikilizwa hata pasipokuwa na kosa la kujadili, na wasiochangia walifutwa bila salamu. Mkiandika kanuni ya kusikilizana, andikeni pia kwamba mchango wa fedha hautatajwa katika shauri lolote.

Mchangiaji, Ng'ong'ona, Dodoma

Kaka zangu, mnazungumza kana kwamba kosa pekee ni kukimbia pingu. Naomba niweke upande ambao haujatajwa.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu na nimecheza maigizo haya tangu likizo ya kidato cha sita. Kikundi cha kwanza nilichoomba kujiunga kilinitaka nitume picha ya kitambulisho cha NIDA na sauti yangu ili nithibitishe kwamba kweli ni msichana, jambo ambalo mvulana hakuulizwa. Nilikataa, na nawasihi wasichana wengine wakatae. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kanuni yake iliyo rahisi kueleweka ni kwamba usikusanye taarifa za mtu kupita zile unazozihitaji. Msimamizi asiyejulikana hata kwa jina lake halisi hana haja yoyote na namba yangu ya kitambulisho.

Katika kikundi cha pili niliingia, na huko mwanachama mmoja alimfanya mhusika wake amfuate mhusika wangu kila alikokwenda, akiandika kwa "/me" mambo ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nilipolalamika aliniambia kwamba si yeye, ni mhusika wake. Wasimamizi waliahidi kumsikiliza kila upande. Walitusikiliza kwa siku kumi na moja, na siku zote hizo aliendelea kuingia na kuandika. Niliondoka mimi.

Jambo hili ni la zamani kuliko gemu zetu. Mwaka 1993, katika LambdaMOO, mji wa maandishi matupu ulioanzishwa na Pavel Curtis wa kituo cha utafiti cha Xerox huko California, mhusika aliyeitwa Mr. Bungle aliwaandikia wahusika wengine vitendo vya ngono kwa nguvu mbele ya watu. Waliofanyiwa walikuwa wamekaa majumbani mwao, hakuna aliyeguswa mwili, na bado waliumia kweli. Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema asikilizwe kwanza, huwa nauliza: na wakati anasikilizwa, mimi nikae wapi?

Mleta mada

Dada wa Ng'ong'ona, swali lako limenishika, na nakiri kwamba nilipoandika mara ya kwanza nilikuwa namwaza kijana wa Nkuhungu peke yake. Nitakujibu kwa kuendelea na kisa ulichokileta wewe mwenyewe. Wakazi wa LambdaMOO walikusanyika wakajadiliana kwa muda mrefu bila kuafikiana, kisha msimamizi mmoja akaamua peke yake, akamfuta Bungle. Curtis aliporejea na kuyakuta hayo, hakusema kwamba Bungle alionewa. Alichofanya ni kuweka utaratibu wa wakazi kupeleka maombi na kuyapigia kura, na naona ilifaa, kwa sababu leo mkono wa mtu mmoja umemfuta mkosaji, na hakuna kinachouzuia kesho kumfuta asiye na kosa. Wewe ulikutana na upungufu wa siku kumi na moja za maneno, na kijana wetu alikutana na upungufu wa dakika kumi za ukimya. Sioni kwamba dawa ya mmoja lazima iwe sumu ya mwingine.

Naona tumekuwa tukichanganya kusimamisha na kufukuza. Mtu akilalamikiwa kwamba anamwandama mwenzake, asimamishwe saa ileile, asiingie mjini wala asimwandikie mlalamikaji, na hapo ndipo asikilizwe akiwa nje. Mlalamikaji asilazimishwe kukaa naye kikao kimoja. Maandishi yote ya gemu hubaki kwenye kumbukumbu ya seva, na kumbukumbu hiyo ndiyo shahidi. Asisimamishwe zaidi ya siku tatu bila uamuzi, ili nawe usingoje siku kumi na moja.

Na ile hoja ya "si mimi, ni mhusika wangu" tuliishughulikia zamani sana bila kujua. Sisi watu wa kati tumekua na utani. Mtani anaweza kuja msibani akachukua sufuria ya wafiwa na kudai alipwe ndipo airudishe, akamwiga marehemu mbele ya wajane, na watu wakacheka machozi yakiwatoka. Hakuna anayemkasirikia, kwa kuwa kila mmoja anajua nani ni mtani wa nani. Lakini mtu asiye mtani akithubutu kufanya hivyo, ni matusi, na hata mtani mwenyewe ana mahali ambapo wazee humwambia basi. Ruhusa ya utani iko kwa mtu unayemtania, haimo ndani ya mtani. Vivyo hivyo mhusika wako hana ruhusa yoyote ambayo mwenzako hajaitoa, na mwenzako akiandika nje ya igizo kwamba hataki, igizo hilo limekwisha.

Kaka wa Singida, kuhusu usaili nimekubali, na maswali yako mawili nitayapeleka kwa wenzangu, pamoja na sharti la miaka 18 bila kudai picha ya kitambulisho. Kuhusu visingizio vya umeme sikubali. Ni kweli watu watadanganya, lakini hapo hatuhitaji kesi. Tunaweza kuandika kwamba aliyetoweka katikati ya igizo atarejea palepale alipoachia, akiwa amezingirwa vilevile, na askari wakamfunga pingu. Aliyekatikiwa kweli hatapoteza kitu, na aliyekimbia hatakuwa amepata kitu. Kwa kujua hivyo, kuna faida gani ya kudanganya? Adhabu ibaki kwa anayerudia mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, na hata huyo aulizwe kwanza mtaa wake una tatizo gani.

Ndugu wa Kondoa, sharti lako la fedha limeandikwa kama ulivyolileta, na litawahusu hata wasimamizi, kwa sababu mmoja wetu watatu ndiye anayelipia sehemu kubwa ya seva.

Jana nilimpigia simu kijana wa Nkuhungu. Hakupokea mara mbili, na ya tatu akapokea. Nilimwomba radhi kwa jina langu, si kwa niaba ya kikundi, maana wenzangu wawili bado hawajakubali kwamba tulikosea. Wamekubali tu kwamba shauri lisikilizwe upya Jumamosi saa tatu usiku, mbele ya wanachama watano ambao hawakuwa katika igizo lile, na sisi watatu hatutapiga kura. Yeye amesema atafikiria kama atakuja. Nimemwambia kwamba umeme ukikatika tutaahirisha.