Mjadala: Mjamzito akipata korona, mtoto wa tumboni anadhurika au tunatishana tu?

Kinanda (mtoa mada):
Wakuu habari zenu. Mke wangu ana mimba ya wiki 27, juzi kaanza mafua na koo, kapimwa kakutwa na korona. Ndiyo, hiyohiyo, bado ipo. Sasa nyumbani kuna kambi mbili, shemeji anasema virusi vinapita moja kwa moja kwa mtoto na atazaliwa navyo, mama mkwe anasema ni mafua kama mafua mengine. Mi niko katikati kama refa asiye na filimbi. Wanaojua, mtoto anadhurika au hadhuriki? Naomba hoja, matusi hapana.

Sugu_wa_Hoja:
Mama mkwe wako yuko sahihi. Kondo la nyuma ni ukuta, aliyeliumba hakukosea. Vingapi vinamwingia mama na mtoto anatoka mzima? Mimba siyo ugonjwa bwana. Wanawake wa zamani walibeba mimba na malaria juu na wakajaza nyumba watoto, hawa wa siku hizi akipiga chafya mbili tu anataka kulazwa.

Mama_Pili:
"Chafya mbili anataka kulazwa". Wewe umebeba mimba ngapi?

Sugu_wa_Hoja:
Sijabeba ila nimelipia nne.

Mama_Pili:
Umelipia 😂 jamani kuna watu wana ujasiri. Umelipia pumzi? Mimi 2021 ile korona ya Delta, aina iliyokuwa kali, ilinikuta na wiki 33. Siku ya sita nilishindwa kumaliza sentensi, naanza "niletee" nashindwa kusema "maji". Kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni kilisoma 89. Nikalazwa kwa ubavu wa kushoto, mito imepangwa mgongoni, oksijeni puani, na usiku kucha nimeshika tumbo nasikiliza kama anacheza. Walinitoa mtoto kwa upasuaji siku ya nne yake, kilo moja na gramu mia tisa. Nilimwona kwa mara ya kwanza kwenye picha ya simu. Sasa wewe mlipaji niambie hiyo ilikuwa chafya ya ngapi.

Jogoo_Mweupe:
Pole dada. Ila Sugu naye ana point yake, gharama anabeba nani?

Mama_Pili:
Wewe nawe umetokea wapi?

Bw_Shaka:
Dada pole sana lakini hiyo ni habari ya mtu mmoja. Kinachofanya watu wasiamini ni chumvi. Mara tunaambiwa nusu ya waliokuwa ICU, chumba cha mahututi, Uingereza ni wajawazito, mara mjamzito mwenye korona anakufa mara 22 zaidi. Mara 22! Si tungekuwa tunazika kila siku?

Hesabu_Tu:
Nusu hakuna aliyesema. Ile ya Uingereza ilitoka Oktoba 2021, kwamba kwa wagonjwa wa korona waliokuwa hoi kabisa, wale wa kuunganishwa mashine inayofanya kazi ya mapafu, karibu mmoja kati ya watano alikuwa mjamzito ambaye hajachanja, na ni kwa miezi ya Julai mpaka Septemba. Ni wengi mno ila siyo nusu ya ICU. Hiyo 22 ipo kweli, utafiti wa nchi 18 wa mwaka huohuo, lakini ifungue uone ndani: wajawazito 706 wenye korona walikufa 11, wajawazito 1,424 wasio nayo alikufa mmoja. Gawanya upate 22. Angeongezeka mfu mmoja tu upande wa pili ingeshuka mpaka 11. Hatari ni ya kweli, ila usiikariri hiyo 22 kama namba ya simu. Za Marekani 2020 zimetulia zaidi kwa sababu watu ni wengi, kama laki nne hivi wenye dalili: wajawazito karibu 11 kati ya 1,000 waliingia ICU, wanawake wa umri huohuo wasio na mimba karibu 4.

Bw_Shaka:
Namba ya simu? Kijana mimi nimefundisha hesabu sekondari miaka 14, usinifundishe kugawanya.

Jogoo_Mweupe:
Miaka 14 na ukapitwa na "karibu mmoja kati ya watano" mwalimu 😂😂

Bw_Shaka:
Nilisema TUNAAMBIWA. Someni kabla ya kucheka.

Nesi_Zamu:
Naingia kwa sababu ya huo ukuta, maana nimeusoma nikiwa kazini nikashindwa kunyamaza. Nimezalisha miaka 17. Kwanza Sugu hiyo malaria uliyoitaja ndiyo mfano mbaya kuliko yote, vimelea vyake vinajificha hukohuko kwenye kondo, na watoto waliozaliwa na uzito mdogo kwa sababu yake hawahesabiki. Nyumba ilijaa ndiyo, na waliozikwa je?

Sasa korona. Kondo zima ukilishika ni jekundu lililoiva, laini, ukilibonyeza linabonyea kama sponji. Niliwahi kupokea moja mama amekuja analalamika mtoto hachezi tangu jana yake, hatukupata mapigo. Kondo lile lilikuwa limepauka na gumu mkononi, tukalipeleka maabara, ndani limejaa utando ulioganda na seli zilizokufa, damu ingepita wapi? Na mtoto alipopimwa hakuwa na virusi. Hapo ndipo mnapokosea wote wawili, shemeji mtu na mama mkwe. Watoto wanaokutwa na virusi wakizaliwa hawafiki wawili kati ya 100 wa mama wenye korona, kwa hiyo shemeji anatisha bure. Lakini kirusi hakihitaji kumfikia mtoto. Nyie mnabishana kama maji ya mtungi yameingia uchafu, mimi nawaambia bomba limeziba.

Haitokei kwa wengi, tuelewane. Marekani walihesabu mama waliojifungua zaidi ya milioni 1.2 kuanzia Machi 2020 mpaka Septemba 2021: wasio na korona, kati ya 1,000 waliopoteza mtoto tumboni kama 6, wenye korona kama 13, na kipindi cha Delta wakafika 27. Ya sasa siyo Delta. Halafu kuna njia nyingine isiyopita kwenye kondo kabisa, ni mama mwenyewe: tumbo limesukuma juu kile kiwambo cha chini ya mapafu, mapafu yamebanwa, damu ya mjamzito tayari inaganda kirahisi, presha ya mimba inaongezeka. Mama akikosa hewa mtoto atapata ya nani? Watoto njiti wengi wa korona wamepatikana hivyo, tunawatoa mapema kuokoa wawili.

Sugu_wa_Hoja:
Sijasema ukuta hauna milango. Nesi umeandika vizuri ila mmenigeuza adui wa wanawake, mke wangu mwenyewe nilimpeleka kliniki kila tarehe, kwa miguu yangu, naomba hilo liandikwe.

Mama_Pili:
Liandikwe kwenye risiti.

Nesi_Zamu:
Nimesahau moja. Kuna wataalamu walikusanya kondo za watoto 68 waliokufa namna hiyo kutoka nchi 12, 64 walifia tumboni na wanne baada ya kuzaliwa. Kwa wastani zaidi ya robo tatu ya kondo ilikuwa imeharibika. Mama wote hawakuwa wamechanja.

Bw_Shaka:
Nilikuwa nasubiri hilo neno. Kila mada ya korona mwisho wake ni chanjo. Haya niambieni, majaribio makubwa ya 2020 wajawazito waliwekwa pembeni au hawakuwekwa? Waliwekwa. Uingereza Desemba 2020 wakasema wajawazito wasichanjwe, Aprili 2021 wakageuka wakasema wachanjwe. Mama wa watu amwamini yupi? Halafu utafiti wa Wamarekani wenyewe, waliochanja mimba zikaharibika asilimia 82. Mtaalamu wa namba za simu aje ajibu.

Hesabu_Tu:
Nimeitika. Kwenye utafiti huo mimba 827 zilikuwa zimeshafika mwisho, ziliharibika 104. Katika hizo 827, mama 700 walichanjwa wakiwa kwenye miezi mitatu ya mwisho, hao mimba haiwezi tena kuhesabika imeharibika mapema. Mtu akazitoa 700, zikabaki 127, akagawa 104 kwa 127 akapata 82 akakimbia nayo mtandaoni. Tatizo ni kwamba data zile ni za kuanzia katikati ya Desemba 2020 mpaka mwisho wa Februari 2021. Aliyechanja Januari akiwa na wiki ya nane, mpaka Februari inaisha mimba yake inaweza kufika mwisho kwa njia moja tu, kuharibika. Waliokuwa wanaendelea salama bado wana matumbo yao, hawamo kwenye hizo 127. Mwalimu, hapo umehesabu waliotolewa kwenye chumba cha mtihani kwa kuugua, ukasema darasa zima limefeli, na wenzao bado wanaandika.

Jogoo_Mweupe:
Mwalimu kapigwa kwa chaki yake mwenyewe 😂

Bw_Shaka:
Jogoo we ni mtoto. Na swali langu la kwanza hamjalijibu, mmelikimbilia la pili kwa sababu ni rahisi.

Nesi_Zamu:
Hilo la kwanza una haki nalo. Kuwaacha nje kulitugharimu, mimi nilisimama mbele ya mama ananiuliza "nichanje nisichanje" na karatasi niliyopewa inasema subiri. Wengine walisubiri mpaka Delta ikawakuta.

Bw_Shaka:
Asante. Angalau mmoja.

Jogoo_Mweupe:
Mi nauliza tu kwa uchokozi, wajawazito wengi walijifungia ndani, huyo kirusi aliingizwa na nani? Msiniambie alipitia dirishani.

Mama_Pili:
Wangu aliletwa na mtu aliyesema "mi nina kinga ya chuma". Tukomee hapo, namheshimu baba watoto wangu.

Sugu_wa_Hoja:
Alikuwa anatafuta hela za kulipia.

Mama_Pili:
Sugu usinichekeshe nimekukasirikia.

Kinanda (mtoa mada):
Nimesoma yote. Kwa hiyo mimi leo nifanye nini? Homa imeshuka, anakohoa kidogo, mtoto anacheza. Na akijifungua bado anacho, anyonyeshe au tumtenge mtoto?

Nesi_Zamu:
Mpigie simu mkunga wake leo ajue, asisubiri tarehe ya kliniki. Mtoto akipunguza kucheza msingoje asubuhi, nendeni usiku huohuo. Mkiwa na kile kibanio, ikishuka chini ya 95 nendeni, akihema akiwa amekaa nendeni, kichwa kikiuma sana au akaona vimulimuli machoni nendeni, hiyo inaweza kuwa presha ya mimba. Akikaa kitandani muda mrefu ainuke atembee kidogo, miguu isilale. Kunyonyesha anyonyeshe, anawe mikono, avae barakoa, na mtoto alale karibu naye. Kule mwanzo kuna nchi walitenganisha mama na mtoto, Shirika la Afya Duniani likasema wasitenganishwe.

Kinanda (mtoa mada):
Asante sana dada Nesi. Kapima sasa hivi, 97. Shemeji kasoma habari ya bomba kanuna kaenda kulala. Mama mkwe anasema alijua tangu mwanzo. Mke wangu naye kasoma, hana swali la afya, anataka kujua Sugu hizo nne alilipa shilingi ngapi jumla.

Sugu_wa_Hoja:
Mwambie risiti ninazo zote, ila ya mimba ya tatu bado nadaiwa.

Bw_Shaka:
Nikirudi kwenye hizo 127…