MJADALA: Mafuriko ya Katrina kwenye skrini ya IMAX, mtazamaji anatoka na nini?

Wadau, naleta hii mada maana kila ikitajwa ile dokumentari ya mwaka 2006, Hurricane on the Bayou, ya IMAX (zile skrini kubwa mno za sinema), inayohusu vinamasi vya Louisiana, jimbo la kusini mwa Marekani, na Katrina, kimbunga kilichozamisha jiji lake la New Orleans, watu wanagawanyika na hawasikilizani kabisa. Wapo wanaosema iliwatoa machozi na kila mwanafunzi aione. Wapo wanaosema ni kufanya biashara na msiba, unamwekea mtu mafuriko kwenye skrini ndefu kama ghorofa kadhaa, sauti inatikisa kiti, halafu anatoka anasema "picha kali sana" basi, kashasahau kuna watu walikufa.

Mi kwa hilo la biashara siko nao. Kuna vitu kwenye simu huvielewi. Pwani ya Louisiana imepoteza karibu kilomita za mraba 5,000 za ardhi tangu miaka ya 1930, ukiisoma hiyo namba haikugusi, ila kamera ikipita angani ukaona vinamasi vimetoboka-toboka kama nguo iliyoliwa na nondo, hapo unaelewa kwanini kimbunga kikija hakikuti kitu cha kukipunguza nguvu. Mto Mississippi ulibanwa kwa matuta ya kuzuia mafuriko, tope likawa halisambai tena linaishia baharini huko, ikachimbwa mifereji ya mafuta na ya meli, maji chumvi yakapenya ndani yakaua mimea iliyokuwa inashikilia udongo. Na watengenezaji walianza kazi kabla ya Katrina, walitaka kuonya kwa kutumia kimbunga cha kufikirika, kabla hawajamaliza kikaja cha kweli tarehe 29 Agosti 2005. Humo ndani yumo Allen Toussaint, mpiga piano wa New Orleans, nyumba yake na studio yake viliharibiwa na maji hayohayo. Huyo utamwambiaje kaja kushangaa msiba wa wenzake?

Ugomvi wangu uko kwingine. Ukubwa wa skrini unapendelea upepo na maji, unapendelea mawingu yanayozunguka, na mtazamaji anatoka ukumbini anamuogopa kimbunga tu. Lakini kitovu cha Katrina kilipita mashariki ya jiji, New Orleans haikupigwa na ule upande mkali kuliko wote. Kilichozamisha kama asilimia 80 ya jiji ni kuta za kuzuia mafuriko na matuta kushindwa kazi. Pale mfereji wa 17th Street, wa kutoa maji jijini, ukuta ulianguka maji yakiwa hayajafika hata juu yake! Zege lilisimama juu ya mabati ya chuma yaliyopigwa ardhini, mabati hayakushuka vya kutosha, udongo wa chini laini, maji yaliposukuma ukuta ukateleza na udongo wake. Na aliyezisimamia hizo kuta ni kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani, 2006 wakakiri wenyewe kwamba usanifu ulikuwa na kasoro. Watu zaidi ya 1,300 walikufa katika janga zima, sasa hapo lawama yote tunampaje upepo?

Najua mtaniambia filamu ya dakika 40 hivi haiwezi kubeba kila kitu, na nyingi zinaonyeshwa kwenye makumbusho kwa ajili ya watoto. Sawa, lakini mtoto anayeelewa kinamasi kinavyokufa anaelewa pia ukuta uliojengwa vibaya, wala sio ngumu.

Mi kamera ningeiweka kwenye mlango wa nyumba. Waokoaji walikuwa wakikagua nyumba wanachora X kwa rangi ya kupuliza, juu wanaandika tarehe, kushoto kikosi kilichoingia, kulia hatari iliyomo ndani, chini ndo wanaandika waliokutwa, na kama kuna maiti ni ngapi. Nipe hiyo X kwenye skrini yote bila muziki, sekunde ishirini, uone kama kuna mtu atatoka anasema picha kali.

Kuhusu walionusurika, kwamba wanaumia wakiyaona yale maji tena, hilo nakubali moja kwa moja, waambiwe mapema kilichomo na asilazimishwe mtu, hata wanafunzi wakipelekwa na shule yao.

Sasa nyie mnaosema kuweka habari za kuta ni kuingiza siasa kwenye filamu ya mazingira, nielezeni: tuta la mto lililoua vinamasi mnalikubali limo, ukuta wa mfereji uliozamisha watu mnataka utoke, tofauti yake ni nini?